Ndama wa Bihogo Hana Pa Kwenda

Mliomwacha Olga juma lililopita amesimama mbele ya nyumba ya Mama Béata, telefone mkononi, rudini mumkute palepale. Hajasogea hata hatua. Na wewe unayeingia leo, keti, nitakueleza kwa ufupi, maana Olga mwenyewe alinikataza kuipamba habari hii wala kuipunguza.

Uwitonze Olga ni binti wa Papa Nzabandora, mfugaji wa Masisi ambaye sasa anakaa Shasha, kando ya ziwa, katika nyumba ya mbao isiyo yake. Vita viliwashusha kutoka kilimani. Siku ya kukimbia, mzee alimkabidhi kitinda mimba wake, Cyusa, ng'ombe wote wa nyumba, awapitishe njia ya msitu. Cyusa alifika mji wa Sake mikono mitupu. Aliwauza njiani, pesa akaziingiza katika kamari ya telefone, zikaliwa zote.

Mzee alisema mbele ya wakimbizi wenzake kwamba jina la kijana yule lisitajwe tena mlangoni pake. Cyusa akaenda zake Hombo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja.

Baada ya hapo mzee alianza kuisha. Hali chakula, hasemi, mguu umevimba, macho kutwa yako milimani. Ndipo Olga, ambaye anauza sambaza, vidagaa vya ziwani, kando ya barabara, alipomtengenezea kilima kingine.

Kuna mchezo wa mtandaoni unaoitwa Pays-Bleu. Ni dunia nzima ya kuigiza, watu hununua ardhi humo, hujenga, hufuga, na hulipana kwa pesa za mchezo wenyewe zinazoitwa perle. Olga alikijenga humo kilima chao chote: nyumba, zizi, shamba la maharagwe, mikaratusi, na chini ya mikaratusi kaburi la mama yao, Nyirabagenzi, pamoja na msalaba wake. Kila asubuhi baada ya sala mzee alipewa telefone, akaenda kwake. Akaanza kula tena.

Kisha mtu asiyejulikana, anayejiita Murafiki, akamtumia mzee ng'ombe mwekundu humo ndani ya mchezo. Bure, bila neno. Mzee alilia. Akamwita ng'ombe yule Bihogo.

Hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Kwao mzee, ukipewa ng'ombe, ndama jike wake wa kwanza unamrudisha kwa aliyekupa. Ni heshima, na inafunga urafiki wa nyumba mbili hata vizazi. Ila ng'ombe wa mchezo hawangoji miezi, wanazaa ovyo, na mzee alikataa kuishia kwa ndama wa kwanza.

"Ng'ombe ya huku inazaa mbio," alisema. "Na heshima yake njo iende mbio." Njo, kwa watu wa huko, ni ndiyo.

Basi kila Bihogo alipozaa, ndama akaenda kwa Murafiki. Kumbe Murafiki alikuwa na nyumba ya kamari mlemle ndani ya Pays-Bleu! Wenye mchezo walipopiga kamari marufuku, waliziamuru nyumba zote za kamari zifungwe, na wakamfungia kila mtu aliyeonekana kuzipelekea mali. Mashine zao zikamwona mzee wa Shasha, ambaye hajagusa hata karata maishani, akipeleka ndama baada ya ndama. Zikamhesabu mcheza kamari sugu. Kilima kikafungwa, na ujumbe ukaja kwamba kitafutwa.

Haya, sasa tuendelee.

*

"Soma tena," alisema Mama Béata.

Mama Béata ana sahani ya satelaiti juu ya bati lake, na ndiye anayewauzia watu wa Shasha connexion, yaani mtandao. Hakuna habari inayoingia kijijini bila kupiga hodi kwake kwanza.

Olga akausoma ujumbe ule wa Kifaransa na kuueleza. Wenye mchezo walimpa mzee njia moja. Kama alidanganywa na Murafiki, athibitishe kwa kidole chake kwamba huyo ni tapeli. Kilima kitarudi papo hapo, na Murafiki atafungiwa kabisa.

"Sasa unangoja nini?"

"Papa alikatala."

"Alikatala juu ya nini?"

"Anasema muntu alimupatia ng'ombe, hawezi kumwita mwizi. Anasema afazali kilima ipotee."

Mama Béata akavuta kiti karibu.

"Ule Murafiki, weye unamujua?"

"Simujue."

"Alishakuya hapa kumusalimia muzee? Alishatuma ata dawa ya ule muguu?"

"Hapana."

"Basi ni muntu ya mu telefone tu. Kati ya muntu ya mu telefone na papa yako, utachagula nani?"

Ukiniuliza mimi, Mama Béata hakukosea kuuliza. Alikosa kujua tu, na Olga naye hakujua.

*

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya gunia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye telefone.

"Mama, ilifunguka?"

Ndivyo anavyomwita bintiye, mama, kwa kuwa amefanana mno na marehemu mke wake.

"Bado kiloko, Papa. Banaomba kidole yako."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kufungua."

Ni neno dogo tu. Olga anasema alilisikia likitoka mdomoni mwake na akatamani kulirudisha. Lakini mzee alikuwa amekwisha kunyoosha kidole gumba. Hajui kusoma Kifaransa wala lugha nyingine yoyote, amezoea kusomewa na mtoto wake. Akabonyeza pale alipoonyeshwa.

Kilima kikarudi.

"Ee Yezu!" mzee alipiga kelele. "Mama, angalia! Bihogo alizala!"

Kweli. Kando ya zizi alisimama ndama jike, mwekundu kama mama yake, ana alama nyeupe kwenye paji la uso. Mzee akacheka. Akaanza kumwimbia ndama yule wimbo wa kusifu ng'ombe, ule aliokuwa akiuimba wakati wa kukamua, kabla ya bunduki. Olga alikuwa amesahau kwamba baba yake ana sauti nzuri.

Kisha mzee akamwongoza ndama kwa kidole, polepole, mpaka kwenye mikaratusi. Akamsimamisha mbele ya kaburi.

"Nyirabagenzi," alisema kwa Kinyarwanda. "Dore inyana."

Akamwonyesha marehemu mkewe ndama wake. Olga akatoka nje. Moyo ulikuwa mwepesi na mzito kwa pamoja, na hakutaka mzee auone uso wake.

"Mama! Kuya unisaidie kumutumia Murafiki ndama yake!"

"Tungoje kesho, Papa. Connexion haiko muzuri."

"Heshima haingojake kesho."

"Papa, tafazali. Kesho."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Ndivyo ulivyo uongo, ukiisha kufungua lango hauombi tena ruhusa.

*

Telefone ndogo ya Olga, ile ya kuuzia sambaza, ikalia. Namba hakuijua.

"Dada."

Olga aliitambua sauti kabla neno halijaisha. Akasogea mbali na mlango, akapita nyuma ya nyumba, upande wa ziwa.

"Cyusa? Weye uko wapi?"

"Ku Hombo. Usikate, dada. Nakuomba usikate."

"Hauna ata haya? Nani alikupatia namba yangu?"

"Dada, juu ya nini Papa alinishitaki?"

"Nani alikushitaki? Papa hatajake ata jina yako."

Akamsikia anavuta pumzi.

"Murafiki ni miye."

Olga akakaa chini palepale mchangani na kikwembe, kitenge chake cha kwendea sokoni.

"Sikukuwa na ng'ombe ingine ya kumurudishia," Cyusa alisema. Alikuwa akilia sasa, mwanaume mzima. "Ile ya mu telefone njo nilipata. Nikasema, naituma na jina yangu, atakatala. Njo nikatafuta jina ingine. Na yeye akaanza kunitumia ndama, dada. Kila ndama! Miye mwenye kuuzisha ng'ombe yake, ananitumia ndama. Niko nazo zote. Sikuuzisha ata moja."

"Na ile nyumba ya kamari?"

Olga akainuka mchangani.

"Uko nachezesha batu kamari, Cyusa? Kamari ile ile?"

"Njo kazi nilipata," alisema kwa sauti ndogo.

Jamani! Nimhurumie kijana huyu au nimtafutie fimbo? Mkono mmoja anamrudishia baba yake ng'ombe, mkono wa pili anawala watoto wa wenzake. Mimi msimulizi wenu nimeshindwa kuamua, naendelea tu kueleza.

Marufuku ilipotoka, wenye Pays-Bleu waliahidi kwamba nyumba ya kamari ikijifunga yenyewe kwa amani, perle za wateja zitarudishwa. Cyusa alifunga siku ileile. Wateja wake walikuwa wachuuzi wa Hombo, watu wa pikipiki, wabeba mizigo wa barabara ya Bukavu. Wengi hawakuwa wacheza kamari kiasi hicho. Waliona perle haziibiwi kwenye vizuizi vya barabarani, wakaziweka humo kama akiba. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudishiwa.

Badala ya perle, ukaja ujumbe: mwenye nyumba hii amethibitishwa na Nzabandora kuwa tapeli, kila kitu kimezuiliwa.

"Baliniingiza mu depo," Cyusa alisema, yaani ghala la bidhaa. "Iko batu bengi ku mulango."

Sauti nyingine ikachukua simu, ya mtu mzima, na ya upole, na upole ule ndio uliomtisha Olga.

"Dada Olga? Ni Prince, depo ni yangu. Sipende bamutende mubaya. Lakini batu bako na hasira. Cyusa mwenyewe alituambia mwenye kumushitaki ni papa yake. Sasa kama papa muzazi anasema mutoto wake ni mwizi, sisi tuseme nini?"

"Papa hakujua! Ni miye nilifanya!"

"Basi afute. Banaandika pale anaweza kufuta, lakini ni leo tu, mbele jua izame. Akifuta, perle za batu zinarudi, na ndugu yako anatoka. Asipofuta, bamesema batamupeleka kwa benye bunduki, bamuamue kule. Na weye unajua, mwenye kuendaka kule harudiake."

Olga alilitazama jua. Lilikuwa limekwisha kushuka upande wa milima.

Cyusa akarudishiwa simu.

"Dada, sikiliza. Usimwambie Papa ni miye. Mwambie tu ni Murafiki. Juu ya Murafiki atafuta, najua. Juu ya miye, sijue."

*

Olga aliusoma ujumbe tena akiwa amesimama, huku telefone ndogo akiwa ameificha katika kikwembe bila kuikata. Prince hakusema uongo. Shitaka liliweza kufutwa. Lakini chini yake kulikuwa na maneno mengine: atakayefuta shitaka anakiri kwamba alipeleka mali kwenye nyumba ya kamari kwa hiari yake. Ardhi yake itafutwa saa ileile, na haitarudi.

Kama angetaka, angeweza kumwomba mzee kidole kama mara ya kwanza. Ya kufungua, Papa. Mzee angekitoa. Alilifikiria jambo hilo, na aliniambia wazi kwamba alilifikiria kwa muda mrefu.

Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Papa, nilikudanganya."

Akasema yote bila kupumzika: kidole, shitaka, Murafiki ni nani, depo, jua. Alipolitaja jina la Cyusa mle ndani, alifumba macho akingoja kufukuzwa yeye pia.

Mzee hakukasirika. Alikuwa ameishika telefone mapajani, na ndama mwekundu ananyonya.

"Iko nazo zote?" aliuliza.

"Nini, Papa?"

"Bandama. Ulisema iko nazo zote."

"Njo vile alisema. Hakuuzisha ata moja."

"Hakuuzisha ata moja," mzee alirudia. Akatikisa kichwa kama anayeonja kitu. "Cyusa. Hakuuzisha ata moja."

Ndiyo mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake tangu Sake. Olga akashika mguu wake ule mzima, akaulilia.

"Ile siku nilikuwa na hasira ya ng'ombe," mzee alisema. "Nilisema neno mubaya mbele ya batu. Kisha nikalala kila siku nikijiuliza kama anakula. Mutoto akinyea kiganja, banakatake kiganja?"

"Hapana, Papa."

"Basi lete tufute."

"Papa, kilima itapotea. Sio kufungwa, kupotea. Na Mama..."

"Mama yako hakuzikwe mu telefone!"

Alilisema kwa ukali. Kila asubuhi alikuwa akizungumza na marehemu mle, akimweleza maharagwe, mvua, mguu wake. Alikuwa akimuaga kabla ya kurudisha telefone. Alijua anachokitoa, na kilimuuma, wala hakujaribu kuficha.

"Unipeleke kwake kwanza," alisema.

Olga akampeleka. Mzee akasimama mbele ya kaburi lile la mchezo, akazungumza kwa Kinyarwanda, maneno mengi na ya chini. Olga alisikia machache. Alisikia mtoto, akasikia nisamehe, akasikia tutaonana. Bihogo alikuwa amewafuata mpaka pale na ndama wake, maana ng'ombe wa mchezo ule wamefundishwa kumfuata mwenyewe.

Nje, jua lilikuwa limegusa mgongo wa mlima.

"Haya, mama. Unionyeshe."

Olga akafungua ujumbe. Mistari miwili ya Kifaransa, mmoja juu, mmoja chini, yote ya rangi moja. Wa juu unathibitisha shitaka, na kilima kinabaki. Wa chini unalifuta.

Mzee akanyoosha kidole gumba, kidole kilekile, kikakaa hewani juu ya kioo.

"Ya Cyusa njo gani? Ya yulu ao ya chini?"

Olga akamtazama. Aliuona mguu umevimba, akayaona mashavu yaliyoanza kujaa tena tangu kilima kipatikane. Alikumbuka zile siku za kuisha, uji unaopoa kando ya kitanda. Alikuwa na hakika, na mpaka leo ana hakika, kwamba kilima kikipotea baba yake hatamaliza masika. Na upande wa pili ni nani? Kijana aliyeuza ng'ombe wa nyumba nzima, akawala, kisha akafungua duka la kamari ileile iliyowala. Neno moja tu, ya yulu, na mzee angebonyeza akidhani amemwokoa mwanawe. Angekwenda kulala na ng'ombe wake, na hakuna mtu Shasha ambaye angejua.

Ndani ya kikwembe, ile telefone ndogo ilikuwa bado haijakatwa. Huko Hombo, katika depo, Cyusa alikuwa akiwasikiliza.

"Mama," mzee alisema taratibu, macho yake usoni mwa bintiye. "Na leo uniambie ya kweli."

Olga akafungua kinywa.